Kidhibiti Mwendo cha Boti ya Mjomba

4 Februari

Kwako mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa,

Marahaba, kabla hujaiandika hiyo shikamoo yako. Mimi mzima, na paka ni mzima kuliko mimi. Mgonjwa ni lifti ya jengo letu. Masikio yangu yamekwisha kwa zile kelele za vyumba vya mitambo, miaka yangu ya ufundi wa lifti, lakini nyayo bado zinasikia, na kila nikipanda nazihisi breki zinashika vibaya ghorofa ya tatu. Fundi wanayemleta siku hizi huipaka grisi tu na kwenda zake. Nilimweleza kosa liko wapi, akaniomba nishuke kwanza afanye kazi. Magoti ya mama yako vipi? Mwambie nakula vizuri, asije akapanda basi kuja kunipikia.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu ya Jumamosi pale bwawani. Wenzangu wanashindanisha boti zao za rimoti, na mimi na boti yangu nzito tunakaa pembeni kungoja ya mtu izimike katikati ya maji. Ikizimika naenda taratibu, naikumbatia kwa zile pembe mbili za mbele, narudi nayo ukingoni. Ndiyo maana wananiita Ambulensi. Basi Jumamosi iliyopita Ambulensi yenyewe ilizimikia katikati. Majani ya maji yalijisokota kwenye propela, mota ikakaza, na kidhibiti mwendo, kile kiboksi kinachokaa kati ya betri na mota kuipimia umeme, kikatoa moshi. Mwenyekiti wa chama chetu ilibidi akunje suruali aingie majini. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno.

Kinyozi, yule tunayemwita Chapchap kwa jinsi boti yake inavyokimbia, akasimama mbele ya wote akasema wakati umefika wa kununua mtumbwi wa mpira na kumweka mtu mwenye mikono ya kupiga kasia. Mwenyekiti akanipa nafasi mpaka mashindano makubwa ya mwisho wa Agosti. Kama mpaka hapo Ambulensi haifanyi kazi ya kutegemewa, mtumbwi utanunuliwa na mimi nitapumzishwa.

Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine. Tangu mkaza mjomba wako afariki, siku nyingine za wiki nazipitisha tu. Jumamosi ndiyo ninayoiishi. Wakiniondoa ukingoni pale sijui nitakwenda kusimama wapi.

Kwa hiyo, wewe unayeuza vitu hivi, nichagulie kidhibiti cha kufaa. Mota ni ile ile ya brashi, betri ni ile nzito ya volti kumi na mbili. Nataka kiwe kinaondoka polepole. Lifti nzuri, abiria hajui kama imeondoka. Na usiniletee plagi. Plagi ni za watu wasiojua kuunga waya.

Halafu, mwanangu, andika kwa herufi kubwa kubwa. Peni yako ya siku hizi wino wake ni hafifu.

Mjomba wako

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo, ingawa umeshaiitikia. Herufi hizi zinakutosha, au nibandike matangazo ukutani?

Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau kwa sababu ana vita na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Jirani ameihamisha misumari. Mama ameirudisha. Mimi napita katikati yao nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilicheka habari ya Mwenyekiti na suruali yake, kisha nikaisoma mara ya pili na sikucheka. Hutaondoka ukingoni. Nimelichukua hili kama kazi yangu.

Watu wanaingia dukani kwetu wakitaka kidhibiti chenye namba kubwa kuliko cha jirani, basi. Mimi huwauliza kwanza: mota yako inakula ampea ngapi propela ikishikwa isizunguke? Hapo ndipo vidhibiti vinapofia, kama chako kilivyofia kwenye majani. Ukishajua, unachukua kinachobeba mara mbili ya hapo. Mota yako naijua, nimekuchukulia cha ampea arobaini. Pia nimekiweka tayari kwa betri yako ya aina ya zamani, maana vingine hudhani kila betri ni hizi nyepesi za kisasa, vikakata umeme ovyo boti ikiwa mbali.

Nusura nikosee jambo moja. Nilikuwa nimeshashika kile cha boti za mashindano, kizuri, kinang'aa. Mwenzangu wa meza ya pili, fundi wa matengenezo, akaniuliza, "Huyo mjomba wako harudi nyuma?" Nikakirudisha kwenye kabati. Vile vya mashindano havina rivasi. Ungemkumbatia mgonjwa wako na usiweze kumwachia. Hiki nilichokutumia kinakwenda mbele na nyuma.

Ndani ya bahasha kuna picha iliyopigwa mbele ya duka. Iangalie vizuri, Mjomba, kisha uniambie umeonaje. Kwa leo sisemi zaidi ya hapo, na mama hajaiona.

Mpwa wako

*

15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote, na kwenye vita ya kamba mimi niko upande wa dada yangu, hata kama amekosea. Huku paka amejifungulia ndani ya kabati la viatu vyangu, kwa hiyo natoka na viatu vya mkaza mjomba wako vya bustani. Vinanibana, lakini nani ataniangalia miguu.

Kidhibiti kilifika. Nikakaa dirishani mchana kweupe, nikakiunga waya kwa waya, nikakilehemu kama nilivyolehemu maisha yangu yote. Nikagusisha betri. Kikatoa moshi hapo hapo mezani, maji hakijayaona. Ninyi mnauziwa vitu vilivyooza, mwanangu. Mwambie mwenye duka.

Picha nimeiona, nzuri sana. Wewe umependeza, na nimefurahi mno kumwona dada yangu amenawiri vile. Kilemba cheupe kinamkaa. Lakini mwambie apunguze vitafunwa, mabega yamekuwa ya mpakua magunia.

Nitumie kingine upesi. Jumamosi sita sasa nimekaa kwenye benchi na rimoti mapajani.

Mjomba

*

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Vita inaendelea.

Nakutumia kidhibiti cha pili, cha aina ile ile lakini cha ampea sitini. Kimefungwa kwenye mota ya majaribio hapa mezani na kimezunguka kutwa nzima bila kupata joto. Hakijaoza. Kile kilichokufa nirudishie tukifungue.

Kuhusu picha, utani una mpaka wake. Nilikuwa natafuta neno la mjomba wangu, nikapata dhihaka. Sawa. Nimeimeza.

Mpwa wako

*

28 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako imekuja imenuna. Niliigeuza nyuma nione kama kuna salamu imesahaulika huko, hamna. Nimesema nini? Kama ni mabega, basi mwambie dada yangu namwomba radhi, ana mabega ya malaika. Tangu lini mama yako akakasirika kwa jambo ambalo sisi wawili tumetaniana miaka yote?

Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja analala ndani ya kofia yangu.

Kidhibiti cha pili nacho kimekufa. Moshi ule ule. Ninakutumia vyote viwili kwenye kopo la biskuti, mkavifungue mwone vilivyo. Mwenyekiti alinihurumia, akaniazima chake cha zamani, akakifunga yeye mwenyewe, nikarudi majini. Mota ilikwenda vizuri. Ila jua lilikuwa kali juu ya maji, na boti ya Chapchap ilipozimika nikaenda nikaikumbatia, nikaileta mpaka ukingoni, kumbe ni bata. Bata hakufurahi. Watu wamelicheka jambo hilo mpaka leo, isipokuwa Chapchap. Yeye alimvuta Mwenyekiti pembeni, na najua walichokuwa wakizungumza ni mtumbwi.

Cha kuazima nimekirudisha. Nichagulie kingine, mwanangu, na safari hii uchague kwa makini.

Mjomba

*

12 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama mzima, jirani mzima, kamba imekatika yenyewe na wote wawili sasa wanaanika madirishani. Hizo ndizo habari za nyumbani, na nimeziandika haraka ili nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka wiki nzima.

Nilifungua kopo lako la biskuti hapa dukani. Sikuhitaji hata kuvifungua vidhibiti vyenyewe. Waya mwekundu wa betri umelehemiwa kwenye mweusi wa kidhibiti, na mweusi kwenye mwekundu. Vyote viwili, Mjomba. Kidhibiti chochote duniani ukikigeuzia betri kinakufa kabla hujaondoa mkono, kiwe cha ampea kumi au mia mbili. Na zile lehemu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba lehemu nzuri inakaa kama tone na kung'aa. Hizi zimekwenda kando, moja imeunguza plastiki.

Nilikaa na kopo mapajani, mteja akawa ananiita nisimsikie. Kisha nikaitoa barua yako ya picha nikaisoma upya.

Mjomba, yule kwenye picha si mama. Ni mwanamume. Ni yule fundi wa meza ya pili niliyekutajia. Ana ndevu. Kilemba unachokisema ni kofia yake ya kazi. Anataka kunioa na mimi nimemkubali, na nilituma picha kwako kwanza kwa sababu mama hawezi kusema ndiyo kabla wewe hujasema. Nilidhani umemkataa kwa kejeli. Nililia kwa ajili ya habari ya magunia. Yeye aliposikia alikwenda kujitazama mabega kwenye kioo cha duka.

Sasa najua hukumwona. Na bata hukumwona, na majani kwenye propela hukuyaona, na wino wangu haujawahi kuwa hafifu.

Nitakwambia nilichotaka kufanya. Kuna plagi zinazoingia upande mmoja tu, hata ukiziunga gizani huwezi kukosea. Nilitaka nikutumie kidhibiti chenye plagi hizo, nikusihi uzipokee kwa ajili yangu, ninyamaze. Nilikuwa nimeshaanza kuzifunga. Fundi akaziona, akasema, "Ukimpa hizo atafika Agosti. Halafu atatumbukia majini mwenyewe, na tutakuwa tumemsaidia kujificha."

Niliudhika naye kutwa nzima, kwa sababu alikuwa na haki.

Nenda kliniki ya macho, Mjomba. Nakuomba. Mficha maradhi mwisho wake unajulikana, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia nilipokuwa naficha jino bovu.

Mpwa wako akupendaye

*

30 Juni

Kwako,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika akiandika barua huandika yatakayomtesa baadaye. Niliandika tatu nikazichana.

Mimi nimeunga waya kabla hujazaliwa. Majengo mazima ya ghorofa yamepanda na kushuka kwa mikono hii na hakuna mtu aliyewahi kukwama kwa waya wangu. Halafu mtoto niliyemfundisha kushika pasi ya kulehemu ananiambia nyekundu na nyeusi. Niliisoma barua ile nikiwa nimeigusisha pua, chini ya balbu, na nilipoimaliza nikazichukua zile nyaya mbili za betri nikazipeleka dirishani. Nikazitazama. Sikujua upi ni upi. Nimekuwa nikikisia, mwanangu. Kwenye mwanga mmoja naona kahawia zote mbili, kwenye mwanga mwingine ukungu.

Kliniki nilishakwenda, mwaka jana. Usimwambie mama yako. Waliniambia ni mtoto wa jicho, yuko kulia na kushoto, na lazima apasuliwe. Wakanipa tarehe. Siku ilipofika nikavaa suti, nikaketi kwenye benchi pale nje, jina langu likaitwa, nikainuka nikatoka mlangoni kama mtu aliyekosea jengo.

Naogopa. Nimeliandika ili usiniulize tena. Masikio yamekwenda. Wakilipasua jicho likaharibika, nitabaki na nini? Sasa hivi angalau ukungu naujua. Najua paka anakaa wapi, najua ukingo wa bwawa kwa mguu.

Kuhusu huyo mwanamume, mwombe radhi kwa niaba ya mabega yake. Neno langu siwezi kulitoa juu ya mtu nisiyemwona, ungeniona mjomba wa namna gani.

Nitumie kidhibiti chenye hizo plagi. Nimesema. Kiburi nimekiweka pembeni, na wewe weka chako.

Mjomba

*

9 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ahsante kwa kuniandikia. Sikumwambia mama. Yeye anaendelea na dirisha lake, anakusalimu, na anauliza kwa nini siku hizi mistari yako inapanda mlima.

Kidhibiti chako nimeshakichagua. Nimepitia kabati lote. Si cha boti hata kidogo, ni cha yale magari madogo ya kupanda mawe. Watu wa mashindano wakikiona wanakicheka, kwa sababu kasi yake ni ya kobe. Lakini ukisukuma kitufe cha rimoti kwa upana wa ukucha, propela inaanza kuzunguka kwa upana wa ukucha. Hakiruki, hakisitisiti. Ukitaka kurudi nyuma kinarudi pale pale, wakati vingine vya magari hupiga breki kwanza na kukulazimisha uombe mara ya pili. Tulikifunga kwenye boti nzito ndani ya beseni la dukani na kikombe cha chai kikiwa juu yake. Chai haikumwagika. Abiria hakujua kama imeondoka.

Kimelala kwenye droo yangu, kimeviringishiwa kitambaa. Nyaya zake ni tupu, hazina plagi. Hakitoki humo mpaka jicho moja lipasuliwe. Unaweza kuninunia mpaka mwaka ujao, nitakuwa nimenuniwa na mjomba ambaye hajazama bwawani.

Muuguzi mmoja wa macho ni mteja wetu, anajenga ndege za mbao. Nilimuuliza yote uliyotaka kuniuliza na hukuyaandika. Alisema hulazwi usingizi. Unatiwa dawa ya ganzi, husikii maumivu. Wanaitoa ile lenzi iliyochafuka na kuweka safi mahali pake. Wanafanya jicho moja kwanza, la pili linangoja mpaka la kwanza lipone, kwa hiyo hawakuachi gizani. Nikamwambia huyu mgonjwa wangu ni fundi wa lifti. Akasema, basi mwambie ni kama kubadilisha kioo cha namba za ghorofa kilichopata ukungu. Mtambo wenyewe hauguswi. Nilimuuliza kama huwa inakwenda vibaya. Hakunificha, alisema mara chache sana huwa, na kwamba kungoja nako huharibu, tena kwa uhakika zaidi.

Mimi pia naogopa, Mjomba. Ila naogopa zaidi ule mguu wako unaoutafuta ukingo.

Usiende peke yako. Mtafute mtu wa kukaa naye kwenye hilo benchi, akushike suti.

Mpwa wako

*

2 Agosti

Mpwa wangu,

Hii inaandikwa na Chapchap kinyozi, kwa sababu jicho langu la kulia limefunikwa na la kushoto halifai kitu. Ninamwambia maneno na yeye anayaandika. (Anayapiga kelele. Jengo zima limesikia. Kinyozi.)

Nimepasuliwa. Umesikia? Nilikaa kwenye benchi, jina likaitwa, nikainuka, na huyu mtu akanishika mkono wa koti kama askari. (Kweli.) Ilikuwa fupi. Kulikuwa na taa, na maji maji, na daktari mwanamke aliyekuwa akiimba chini chini, nadhani, niliona kifua chake kinatikisika. Halafu nikapewa chai.

Kwa nini yeye? Nilikosa mwingine mwenye muda Jumatatu, na Jumatatu vinyozi hawana wateja. Nilikwenda dukani kwake nikiwa nimejiandaa kumsihi. Hakuniacha nimalize. Akageuza kibao cha mlangoni, akavua aproni. Njiani nikamuuliza, kama unataka sana niondoke bwawani, mbona unanipeleka nipone?

(Hapa naandika yangu mwenyewe. Dada, mimi kila Jumamosi nasimama jirani yake. Nilikuwa namwona anapapasa ukingo kwa mguu, na pale kuna kina. Wengine wanacheka habari ya bata, mimi silali. Nilisema mtumbwi kwa sababu sikuweza kumwambia mkubwa kama yule mbele ya watu kwamba haoni. Nilitaka tu akae kwenye benchi. Kinyozi.)

Hataki kunisomea alichoandika hapo. Atakuwa amenisengenya.

Chapchap alikupigia simu dukani tulipotoka kliniki, na kopo lako limeshafika. Kidhibiti nimekishika mkononi, chepesi. Chapchap alitaka kukiunga, nikamkataza. Bandeji itatoka, nitakiunga mwenyewe.

Mjomba wako, kwa mkono wa mtu mwingine

*

3 Septemba

Mpwa wangu, mama yangu, macho yangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe, tazama mistari ilivyonyooka, mwonyeshe na mama yako. Mweleze yote sasa. Atanifokea kwa kumficha, na mimi nitaitikia kila neno.

Watoto wa paka kumbe ni wanne, nilikuwa nahesabu watatu. Mmoja ni wa rangi ya ukuta. Na chumba changu kichafu, mwanangu, kichafu hasa. Nilikaa siku ya kwanza nikisugua sinki. Kisha nikaitoa boti kabatini na kuiweka mezani. Unakumbuka niliipaka rangi upya mwaka jana, nyekundu ya ambulensi? Ni ya waridi. Mwaka mzima nimesimama pale bwawani na boti ya waridi, na katika watu wote wale, wacheshi, wenye ndimi, hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, halafu nikaogopa nisije nikaharibu lenzi.

Kidhibiti nilikiunga dirishani. Nyekundu kwa nyekundu. Niliutazama ule wekundu muda mrefu kabla ya kuugusa, sikujua kwamba nimeukosa. Lehemu zimekaa kama matone.

Sasa mashindano. Watu walijaa ukingo wote. Boti zilipoondoka nilisahau kazi yangu. Miaka hii zile boti kwangu zimekuwa ukungu unaopita. Juzi nimeona maji yanavyopasuka mbele yake, nimeona pua zinavyonyanyuka, nimeona ya Chapchap inavyolalia ubavu kwenye kona mpaka ukadhani itaanguka. Na ikaanguka kweli, mzunguko wa mwisho, ikageuka tumbo juu katikati ya bwawa. Mwenyekiti akanitazama.

Nikasukuma kitufe kwa upana wa ukucha. Ambulensi ikaondoka, sikujua kama imeondoka. Nikaenda nayo nikiona kila kitu, mwanangu, majani yale nikayazunguka, bata nikampisha. Nilipofika nikapunguza mpaka boti ikawa inapumua tu. Nikaikumbatia ya Chapchap kwa pembe zote mbili, haikutikisika hata kidogo. Nikaileta mpaka miguuni pake, nikatia rivasi, nikamwachia. Watu walipiga makofi. Sikuyasikia, niliyaona. Mikono yote ile. Habari ya mtumbwi hakuna aliyeitaja, na Mwenyekiti alikuja kuniuliza mwakani nitahitaji nini. Nafasi yangu ni yangu mpaka nitakapoiacha mwenyewe.

Na hapo ndipo ninapotaka kukutuma. Nilidhani uzee umenifanya mtu wa taratibu. Nimejisifia utaratibu wangu miaka mingi, nikiwacheka wenye kasi. Kumbe nilikuwa sioni. Mwanangu, zile boti nzuri. Nakuomba unichagulie kidhibiti cha boti ya mashindano, cha mota isiyo na brashi, cha kupozwa kwa maji, chenye namba kubwa kuliko ya Chapchap. Hata isiwe kubwa sana, imzidi tu. Rivasi siitaki. Jicho la pili linapasuliwa Oktoba, na kufika mwezi wa kumi na mbili nataka niwe namwonyesha kinyozi mgongo.

Utaniuliza Ambulensi nitamwachia nani. Nimefikiri juu ya hilo. Picha yenu nimeitundika juu ya meza na nimemtazama huyo mwanamume wako kila siku, ndevu na yote, na bado sura ya mtu haitoshi kunieleza. Njoo naye Jumamosi yoyote. Nitamkabidhi rimoti yangu mbele ya chama chote, kisha nitaingia majini na boti yangu mpya, na kwa jinsi ninavyojijua, katikati ya bwawa nitakwama. Nataka nimwone akija kunichukua. Nataka nione kama ana haraka, kama atanigonga, na kama atanifikisha ukingoni au ataniachia njiani. Akinirudisha salama, neno ulilokuwa unalingoja utalipata hapo hapo, mama yako akisikia.

Aje na viatu vya mpira. Ukingo unateleza.

Mjomba wako